Kuingia Markazini na Kutoka: Mwongozo kwa Msemaji wa Kiswahili Akaaye Maskati

Kabla ya mwaka 1970, mtu wa Maskati aliyetaka kutoka nje usiku hakuwa na budi kutega sikio kwanza. Kwani ilipotimu saa tatu baada ya jua kuchwa, mzinga ulilia kutoka ngome iliyo juu ya bandari, malango ya mji yakafungwa, na tangu hapo kila aliyepita vichochoroni ndani ya boma alilazimika kuchukua fanusi inayowaka, ili mlinzi auone uso wake na ajue kuwa si mwizi wala mwenye nia ya shari. Ulinzi wa zama zile ulikuwa mlango na taa, na asiyekuwa na taa alijilaumu mwenyewe. Wazee wetu waliotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ambao wengi wao walirejea Omani baada ya Sultani Qaboos bin Said kushika hatamu za nchi tarehe 23 Julai 1970, waliukuta mji huo ndiyo kwanza unafungua malango yake. Na kwa kuwa walikuja na elimu ya skuli, wakijua kusoma, kuandika na kutunza daftari, si wachache kati yao walioandikwa katika Shurta ya Omani ya Kisultani, yaani polisi, iliyokuwa ikijengwa upya, hata ikawa si ajabu katika miaka ile kukisikia Kiswahili nyuma ya meza ya markazi, yaani kituo cha polisi, kama kinavyosikika barazani.

Nimeanza na habari hizi makusudi. Wapo miongoni mwetu, hasa vijana wanaoshuka leo katika uwanja wa ndege wakitokea Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ambao wamezisikia wakadhani kwamba lugha peke yake ni kinga, na kwamba siku ya dhiki atatokea ami mmoja mwenye mvi na nyota begani, awaulize kwa Kiunguja, "Mwanangu, umefikwa na nini?" na mambo yaishe. Huenda ami huyo ukamkuta, na ukimkuta mshukuru Mola wako. Walakini kadhia haibebwi na ulimi, hubebwa na karatasi, na karatasi ya Maskati huandikwa kwa Kiarabu, hupigwa muhuri, hupewa nambari, kisha hutoka mkononi mwa yule aliyekuonea huruma ikaenda kwa mtu asiyekujua kabisa. Nitakueleza, basi, namna ya kuutumia ulinzi uliopo, na namna ya kuushitakia ulinzi huo huo pale unapokukosea. Na katika yote mawili utaona tunarudi kwenye karatasi.

Kwanza ijue shurta yenyewe, kwani upana wake huwashangaza wageni. Mkuu wake huitwa Mkaguzi Mkuu wa Polisi na Forodha, na cheo hicho chenyewe kinakuonyesha ya kuwa mizigo bandarini imo mikononi mwake. Na fauka ya forodha, chini ya paa hilo hilo wamo walinzi wa pwani, wazima moto na gari za wagonjwa, idara ya pasi na ukaazi, daftari la vizazi na vifo, leseni za udereva na mulkiya (hati) za magari. Makao yake makuu yako Qurum, na sheria iendeshayo chombo hiki ni ile iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani nambari 35 ya 1990. Maana ya haya kwako wewe mkaazi ni kwamba utaonana na shurta mara kumi kwa ajili ya karatasi kabla hujaonana nayo mara moja kwa ajili ya mwizi. Na mtu ambaye karatasi zake zimechafuka huingia markazini akiwa ameibiwa, akatoka akiwa mkosaji. Bataka yako, yaani kitambulisho, iwe ya uraia au ya ukaazi, itembee nawe kama kivuli chako. Itazame tarehe yake ya mwisho mapema kabla haijaingia. Na weka picha ya bataka, ya pasi, ya viza na ya mkataba wa kazi mahali pawili, katika simu yako na kwa jamaa mmoja aliye mbali nawe, kwani simu huibiwa pamoja na picha zake.

Ama nambari ya kukumbuka ni moja, 9999, nayo ndiyo ya polisi, ya moto na ya gari la wagonjwa kwa pamoja. Mtoto aliyeathirika, aliyepigwa au anayetelekezwa ana nambari yake nyingine, 1100, ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, ambayo msingi wake ni Sheria ya Mtoto ya 2014. Na jirani aliyesikia kilio ukutani anaweza kuipiga, si mzazi peke yake. Taa ya njiani iliyozimika, taka zilizorundikana na mbwa wa mitaani si mambo ya polisi, bali ya Baladia ya Maskati, yaani manispaa, kwa nambari 1111. Nimewaona watu wakiipigia 9999 kwa sababu ya paka aliyekwama juu ya tangi la maji, nami nasema kwa staha kwamba paka aliyepanda mwenyewe hushuka mwenyewe.

Ajali ya gari ina adabu yake. Ikiwa hakuna aliyeumia, wala mali ya serikali haikuharibika, na nyinyi wawili mmekubaliana nani aliyekosa, si lazima kumngoja askari juani: pigeni picha magari yote mawili na alama zake, yaondoeni njiani, jazeni fomu ya ajali ndogo, kisha kila mtu aende kwa kampuni yake ya bima. Lakini akiumia mtu, hata kama ni mkwaruzo wa goti na mwenyewe anaapa kuwa mzima, usiondoke, usiisogeze gari, piga 9999. Kwani mtu aliyesema "mzima" saa nne asubuhi huweza kulala hospitalini saa nne usiku, na wewe uliyeondoka kwa nia njema ukaandikwa kuwa umekimbia. Wala usimpe mtu fedha taslimu kandoni mwa barabara ili yaishe, kwa sababu mapatano yasiyo na maandishi husahauliwa na yule aliyepokea.

Sasa tuje kwenye kupeleka habari markazini, ambayo kwa Kiarabu huitwa balagh, na neno hilo ulikamate, kwani ndilo utakaloulizwa. Mkoa wa Maskati una wilaya sita, nazo ni Maskati yenyewe, Matrah, Baushar, Sib, Al-Amerat na Qurayyat, na ndani yake yamo markazi mengi, la Ruwi, la Matrah, la Al-Khuwair na mengineyo. Nawe uende katika lile la mahali jambo lilipotokea, si lile lililo karibu na kwako, ama sivyo utatumwa kutoka mlango huu hadi ule mpaka jua litue. Kabla ya kuondoka nyumbani, kaa kitako uandike kwa lugha yako nini kilitokea, siku gani, saa ngapi, wapi, mbele ya nani, na kimepotea nini chenye thamani gani. Na hapa kuna jambo dogo ambalo limewaponza wengi, nalo ni saa. Sisi tunasema saa mbili usiku na Mwarabu anasema saa nane, na mtu aliyekasirika hufasiri nusu ya maneno yake akaiacha nusu, hata maelezo yake yakasomeka kama ya mwongo. Andika saa kwa hesabu ya Kiarabu, na karibu yake uandike alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi au isha, ambazo hazimkosei mtu yeyote katika mji huu.

Ukifika, utasikilizwa na maneno yako yataandikwa kwa Kiarabu, kisha utatakiwa utie sahihi. Usitie sahihi juu ya jambo usilolielewa. Si ufidhuli kuomba usomewe tena taratibu, wala si dharau kwa askari kuomba mfasiri; huyo askari mwenyewe, akiwa ni mtu wa kazi, atapenda maandishi yaliyo sawa kuliko kurudi nyuma baada ya mwezi. Wengi wetu tunakijua Kiarabu cha sokoni na cha sala, tukaona haya kukiri kwamba Kiarabu cha sheria hakituingii. Haya hiyo iache mlangoni pamoja na viatu. Kisha usitoke bila ya nambari ya balagh, tarehe yake na jina la aliyekupokea. Mtu mwenye nambari hiyo anaporudi huulizwa, "Kadhia yako imefika wapi?" na asiyekuwa nayo huulizwa, "Wewe nani?"

Na ikiwa wewe si mshitaki bali ndiwe uliyekamatwa? Wallahi ni saa ambayo mtu husahau hata jina la mamaye, kwa hiyo jifunze leo ukiwa umetulia. Nidhamu ya Asasi ya Dola, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1996 na ikaandikwa upya kwa Amri ya Kisultani nambari 6 ya 2021 katika utawala wa Sultani Haitham bin Tarik, imesema kwamba mtuhumiwa hana hatia hadi ithibati isimame mahakamani, kwamba ni haramu kumtesa mtu mwilini au rohoni, na kwamba kauli iliyotolewa kwa mateso au vitisho ni batili. Na Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Amri nambari 97 ya 1999, imeongeza kwamba aliyekamatwa aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, aachwe ampashe habari yule amtakaye, na aweze kutaka wakili. Polisi wana saa 48 za kuwa nawe, kisha huna budi kufikishwa kwa Mashtaka ya Umma, ambao nao wana saa 24 za kuamua kama uwekwe au uachiliwe. Na wakiamua uwekwe, ni kwa siku 7, zinazoweza kurudiwa mpaka kufika 30, na baada ya hapo ni lazima aulizwe kadhi wa mahakama. Yapo makosa, kama ya madawa ya kulevya na ya mali ya umma, ambayo muda wake hurefushwa zaidi ya huo. Mwanamke hapekuliwi ila na mwanamke. Nyumba haiingiwi ila kwa idhini ya wenyewe au kwa hali iliyotajwa na sheria.

Katika saa hizo 48 la kwanza ni kutoa habari. Taja mtu mmoja ambaye nambari yake unaikumbuka kwa moyo, si iliyomo ndani ya simu, kwa maana simu yako haitakuwa mkononi mwako. Mtu huyo aarifu ubalozi, na kwa bahati Tanzania na Kenya zote zina balozi zao hapa Maskati. Kisha atafute wakili. Wewe jibu kwa adabu, usipige kelele, usikimbie, usimshike askari mkono, wala usiseme uongo mdogo ili kuficha aibu ndogo, kwani uongo huo ndio utakaosomwa kwanza. Na usemi wako ukiandikwa, rejea kwenye niliyosema juu ya sahihi.

Yapo ya mtumishi wa nyumbani, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo yaletayo dada zetu na binti zetu wengi katika milango ya markazi, nao hufika usiku, bila ya viatu, bila ya pasi. Mtumishi wa nyumbani huendeshwa na kanuni zake mahsusi, si na sheria ya kazi ya jumla, na ukaazi wake umefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini. Ndiyo maana akitoka nyumba ile bila ya utaratibu, kafili huweza kumwandikisha kuwa ameacha kazi, na tangu siku hiyo mwanamke aliyedhulumiwa huwa ndiye anayetafutwa. Mwaka 2006 Wizara iliyoshughulikia kazi ilitoa waraka wa kumkataza mwajiri kuishika pasi ya mfanyakazi, lakini waraka ule haukutaja adhabu, na mtu huogopa zaidi adhabu kuliko waraka. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti mbili, moja mwaka 2016 juu ya watumishi wa nyumbani nchini Omani, na nyingine mwaka 2017 juu ya Watanzania walioko Omani na katika Falme za Kiarabu, na ndani yake wamo wanawake waliosema kwamba walipokimbilia polisi walirejeshwa kwa waajiri wao. Sisemi haya ili nikutishe usiende markazini. Nayasema ili uende ukijua la kusema.

Kwa hiyo, dada yangu, tofautisha malalamiko ya mshahara na malalamiko ya jinai, kwani hayaingii mlango mmoja. Mshahara usiolipwa, mapumziko usiyopewa, kazi ya nyumba tatu badala ya moja, hayo ni ya Wizara ya Kazi, na huko ndiko uanzie kabla hujaandikwa mtoro. Kupigwa, kufungiwa, kunyimwa chakula, kushikwa kwa nguvu, kuporwa pasi na kulazimishwa kazi, hayo ni jinai, na ndiyo ya polisi. Na ukifika mbele ya meza usianze na "silipwi", hata kama hulipwi, bali anza na "nimepigwa" au "nimefungiwa", uonyeshe alama, uombe upelekwe kwa daktari, na karatasi ya daktari uishike kwa mikono miwili. Tangu mwaka 2008, kwa Amri ya Kisultani nambari 126, usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa lenye sheria yake katika nchi hii, na ipo nyumba ya hifadhi, Dar al-Wifaq, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, ambayo aghalabu mtu huingizwa kwa kupelekwa na polisi au na Mashtaka ya Umma. Basi hifadhi hiyo itaje kwa jina lake, useme wazi kwamba hutaki kurejeshwa katika nyumba ya mwajiri, na uombe maneno hayo yaandikwe. Na wewe uliye bado Tanga au Kwale ukisoma haya, mkataba wako uthibitishwe na ubalozi kabla hujapanda ndege. Wakala anayekwambia kwamba "mkataba utaukuta huko huko" amekwisha kukuambia habari yake yote.

Tumefika kwenye swali ambalo watu hulinong'ona: na polisi mwenyewe akikosea, hushitakiwa wapi? Mkenya aliyezoea kuwa kwao kuna mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, au Mtanzania anayeijua Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliyoanza 2001, atatafuta mfano wake hapa na hataukuta kwa sura ile. Hakuna Maskati baraza la raia linalokaa kumhoji mkuu wa polisi. Na Majlis ya Shura, iliyoanza 1991, huwahoji mawaziri wa huduma, si wakuu wa ulinzi na usalama. Usimamizi uliopo hupita kwa milango mingine, nawe ukiijua kwa mpango wake utafaidika nayo.

Mlango ulio mkubwa kuliko yote, nao ndio ambao wengi hawaujui, ni Mashtaka ya Umma. Kwa miaka mingi idara hiyo ilikuwa chini ya mkuu yule yule wa polisi, yaani aliyekamata na aliyeshitaki walikuwa wana wa baba mmoja. Lakini katika Februari ya 2011, siku zile ambazo watu walisimama katika miji ya Omani wakidai kazi na kukomeshwa ufisadi, ilitoka Amri ya Kisultani nambari 25 ya kuifanya huru kwa utawala na kwa fedha, na leo imo katika nyumba ya mahakama chini ya Baraza Kuu la Mahakama. Kwa rai yangu, katika mageuzi yote ya mwaka ule, hili ndilo lililomfaa mtu mnyonge kuliko jingine lolote, ijapokuwa halikupigiwa vigelegele. Maana yake ni kwamba yule anayekupokea baada ya saa 48 si mtumishi wa yule aliyekukamata. Basi ikiwa ulipigwa, ulitishwa au ulitiwa sahihi kwa nguvu, mbele yake ndipo pa kusema, siku ile ile ya kwanza, wakati alama ingali mwilini. Aliyenyamaza siku ya kwanza kwa kuogopa, akasema siku ya thelathini mbele ya kadhi, huulizwa kwa nini alinyamaza. Aidha wanachama wa Mashtaka ya Umma wana haki ya kuingia magerezani na kusikiliza malalamiko, na mfungwa ana haki ya kumpa mkuu wa gereza lalamiko lake ili lifikishwe kwao.

Ikiwa jambo si la mateso bali ni la utovu wa adabu, uzembe, au balagh lililolala kwenye mtoto wa meza, anza ndani ya nyumba yenyewe: kwa mkuu wa markazi, na asipokujibu, kwa uongozi wa polisi wa mkoa wa Maskati, kisha kwa Mkaguzi Mkuu kule Qurum. Rushwa ina mlango wake peke yake, nao ni Chombo cha Dola cha Usimamizi wa Fedha na Utawala, kilichopewa sheria yake mwaka 2011. Na juu ya hayo ipo Kamati ya Omani ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa Amri nambari 124 ya 2008 na kupangwa upya kwa Amri nambari 57 ya 2022, ambayo hupokea malalamiko ya raia na ya mgeni na kutembelea magereza. Si mahakama, wala haina uwezo wa kumfunga mtu. Iliundwa na serikali na inaishi nayo, kwa hiyo usiitarajie ipige ngumi mezani. Ila barua yake ikifika idarani hujibiwa, na kadhia iliyolala huamka.

Barua ya malalamiko iwe fupi. Watu wetu, kwa ufasaha tuliojaaliwa, hupenda kuanza na utangulizi wa kurasa mbili, mara dua, mara historia ya ukoo, mara wema aliowahi kuufanya babu mwaka fulani. Msomaji wa idarani hufika ukurasa wa tatu amechoka, ilhali shitaka ndiyo kwanza linachungulia. Andika salamu moja, jina lako na nambari ya bataka, nambari ya balagh, kilichotokea kwa mpango wa tarehe, na unataka nini. Usitukane, usimhukumu mtu, usiandike "anajulikana kuwa mla rushwa" kwa jambo usilolishuhudia. Nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Kuanzia siku hiyo hesabu majuma mawili, kisha urudi, kwa adabu ile ile, na muhuri wako mkononi.

Kabla hujafika huko kote, jiulize kama jambo lenyewe ni la polisi. Deni baina ya marafiki, ukuta ulioingia kiwanja cha jirani, kodi ya nyumba iliyochelewa, hayo kwetu Unguja tungalimpelekea sheha. Hapa ziko kamati za suluhu zilizowekwa kwa Amri nambari 98 ya 2005, ambazo haziulizi ada, na mapatano yanayoandikwa mbele yake hushika kama hukumu. Nimeona ndugu wawili waliokwenda markazini wakatoka maadui wa maisha, na wengine wawili wenye ugomvi ule ule waliokwenda kwa suluhu wakatoka wakinywa kahawa. Sheikh wa hara, yaani mtaa, pia asidharauliwe, na hata mgeni anaweza kumwendea, ilimradi aende na mtu anayejulikana naye.

La simu sitalirefusha, ila ni lazima nilitaje, kwani sisi ni watu wa kurekodi sauti na kusambaza. Sheria ya makosa ya mitandao, Amri nambari 12 ya 2011, inamtia hatiani mtu anayetumia simu kuvunja faragha ya mwenzake kwa picha au kumtukana na kumzulia, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 na faini ya riali 1,000 mpaka 5,000, au moja katika hayo. Matusi ya Kiswahili yana mfasiri. Usipige picha ya aliyelala barabarani baada ya ajali, wala ya askari kazini. Usiku wa tarehe 15 Julai 2024, waliposhambuliwa watu msikitini katika Wadi al-Kabir, wakafa raia watano na askari mmoja pamoja na washambuliaji watatu, simu za mji mzima zilijaa picha na uvumi wa kila rangi kabla habari rasmi haijatoka. Na mtu aliyekuwa na jamaa yake mtaani mle hakuhitaji lolote katika hayo, alihitaji laini iwe wazi apate kusikia sauti ya nduguye.

Na mvua. Mgeni kutoka pwani yetu, aliyezoea masika ya miezi, hucheka anapoambiwa aogope mvua ya nusu saa, mpaka aone wadi (bonde la maji) iliyokuwa kavu asubuhi ikipita na gari alasiri. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiliigeuza Qurum kuwa ziwa, Shaheen ya Oktoba 3, 2021 ikatukumbusha, na mafuriko ya Aprili 2024 kule Sharqiya yaliwachukua wanafunzi waliokuwa njiani kutoka skuli. Kuivuka wadi inayotiririka kwa makusudi ni kosa la kifungo na faini, na waokoaji wakikutoa hai watakukabidhi kwa wenzao. Ukisikia polisi wanaamuru mtaa uhamwe, hama. Ufunguo wa nyumba hautakimbia.

Limebaki moja, dogo, ambalo nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo la kufanya leo kabla hujalala. Nyumba za Maskati hazitambulikani kwa majina ya wenyewe kama za Mji Mkongwe, bali kwa nambari ya sikka, yaani njia, na nambari ya nyumba, zilizoandikwa kwenye kibao cha ukutani ambacho wakaazi wengi hawajapata kukisoma. Mtu hupiga 9999 baba yake akikata roho, akaulizwa yuko wapi, akajibu, "Nyuma ya msikiti, karibu na duka la Mbaluchi," na msikiti na duka la Mbaluchi viko katika kila hara. Toka nje usome kibao chako. Andika nambari ya sikka, nambari ya nyumba, jina la hara na la wilaya kwa Kiarabu kilicho wazi, ubandike karibu na mlango, mahali ambapo mtoto wa miaka saba na mtumishi aliyefika jana wataweza kuisoma. Na siku utakapopiga, likiwa giza, mpe mtoto mkubwa simu yenye taa akasimame kwenye mdomo wa sikka, aipunge hewani mpaka gari la wagonjwa limwone.